Kaka kanitumia RAM ya 16, kifaa kinasema mwisho 8

Shikamoo Anti,

Mimi ni kijana wa miaka 33, nina mke na mtoto mmoja, naishi Tanga. Kazi yangu ni picha na video za shughuli: harusi, sendofu, maulidi, hata misiba watu wakitaka. Nafanya kazi na mdogo wangu pamoja na dada mmoja anayehariri video.

Miaka miwili iliyopita nilinunua kwa mwenzangu aliyekuwa anafunga studio kisanduku cha kuhifadhia mafaili kwenye mtandao, kile tunachokiita NAS. Kina diski nne za TB 4, prosesa ya Intel Celeron J4125, na RAM (memori ya kufanyia kazi) ya GB 4 iliyochomelewa kwenye bodi. Pembeni kuna tundu moja tupu la kuongezea. Kazi zetu zote tangu 2019 zimo humo, hazipo pengine.

Tangu mwezi wa tatu kimekuwa kizito. Tukifungua harusi moja watu watatu kwa pamoja, zile picha ndogo zinatokea moja moja. Kwenye ukurasa wa kukiendesha naona RAM imefika asilimia 87, wakati mwingine 90. Juzi nilihamisha harusi ya GB 120 kutoka kompyuta ya kuhariria, ilichukua karibu saa tatu, na bibi harusi ananipigia simu anataka japo picha kumi. Nakumbuka ni mwezi huo huo wa tatu nilipowasha ile programu inayotambua sura za watu na kuzipanga picha, na ndio pia tulipohamia chumba cha pili tukavuta waya mpya wa mtandao.

Nilimweleza kaka yangu mkubwa aliyeko Muscat. Kaka ndiye aliyenisomesha chuo, ndiye aliyenipa kamera ya kwanza. Yeye pia analalamika: akitaka kutazama picha za nyumbani kutoka huko, zinakwama. Hakusema mengi. Baada ya wiki tatu shangazi alirudi kutoka Muscat, akafungua begi lake, akanipa kiboksi kidogo cha plastiki. Ndani kijiti cha RAM, DDR4, GB 16, kimeandikwa 3200.

Nilifurahi mpaka niliposoma karatasi. Intel wanasema prosesa hii mwisho wake GB 8. Yaani kwangu ni kuongeza GB 4 tu juu ya zile 4. Nikampigia fundi anayenihudumia, akacheka: "Weka tu, wengi wameweka 16 na inasoma 20, acha woga." Mke wangu anasema kijiti kiuzwe, tununue diski ya nje. Mimi kuuza zawadi ya kaka siwezi hata kufikiria.

Sasa kuna jambo ambalo hata mke hajui. Mama yetu alifariki mwaka jana. Kaka hakuwahi maziko, ndege ilimchelewesha. Humo ndani kuna video ya dakika 11 niliyompiga mama siku mbili kabla ya harusi yangu, amekaa kwenye mkeka barazani akituusia. Mwishoni anajifunga kanga vizuri, anaangalia kamera, anauliza, "Imeisha?" Video hiyo ipo humo tu. Nikiwaza kuchomeka kitu ambacho karatasi imekikataa, mikono inakufa ganzi.

Na kila Ijumaa kaka anauliza, "Umeshaiweka?" Nimemwambia bado fundi anakuja, mara nne. Ijumaa iliyopita nikamwambia nimeweka, inaenda vizuri. Nimemdanganya kaka yangu, Anti. Anakuja mwezi wa kumi na mbili na kitu cha kwanza atakachotaka kuona ni hicho kisanduku.

Niweke 16? Ninunue 4 kimya kimya? Laptopu yetu ya kuhariria nayo ina GB 8 tu, dada analalamika kila siku, lakini hilo ni jingine. Nisaidie kuchagua.

Mwanao, Tanga

*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa mama. Mungu amrehemu.

Nikikuelewa vizuri, umebanwa hivi. Kifaa kimekuwa kizito na wateja wanasubiri. Mkononi una kijiti kitakachofanya jumla iwe 20, na waliotengeneza prosesa wamesema mwisho 8. Fundi anasema weka, mkeo anasema uza, kaka anaamini umeshaweka. Na ndani ya kisanduku hicho hicho ndimo ilimo sauti ya mama yenu. Umeniuliza 4 au 16, lakini barua yako imebeba zaidi ya hapo, na ningependa tuyapitie pamoja kabla hujashika bisibisi. Kabla ya kuandika safu hii niliendesha stesheneri kwa miaka mingi, na kompyuta za kuchapia nilikuwa nazifungua mwenyewe, kwa hiyo hata hayo ya RAM usione umenipeleka nisikokujua.

Tuanze na hiyo asilimia 87 iliyokutisha. Wewe ni mtu wa harusi, umeona jiko la shughuli. Stoo iko nyuma, imejaa magunia. Mbele kuna mkeka ambapo akina mama wanakatia vitunguu na kuchambua mchele. Diski ndiyo stoo, RAM ndiyo mkeka. Mkeka uliojaa vitu vinavyotumika si dalili mbaya. Mpishi mzuri hauachi mtupu. Vifaa vya namna yako vingi vinaendeshwa na mfumo wa Linux, na Linux huchukua RAM isiyo na kazi ikaweka humo mafaili yaliyofunguliwa karibuni, ili ukiyataka tena yasitafutwe upya kwenye diski. Programu ikihitaji nafasi, inayaondoa mara moja. Hivyo tarakimu kubwa peke yake haijakuambia kitu. Tatizo huanza mkeka unapozidiwa mpaka vitunguu vilivyokwisha kumenywa vinarudishwa stoo, kisha vinafuatwa tena, nenda rudi. Kwenye ukurasa wako huo huo kuna mahali panapoonyesha hilo, panaitwa swopu. Je, umewahi kupatazama mkiwa watatu kazini? Ikiwa swopu inapanda na diski zinanguruma bila kupumzika, RAM kweli imepungua. Ikiwa imetulia karibu na sifuri, pengine ugonjwa uko kwingine.

Na hapo nakurudisha kwenye maneno yako mwenyewe. GB 120, karibu saa tatu. Nimepiga hesabu: ni kama MB 11 na nusu kwa sekunde. Hiyo nusu saa niliyokaa na karatasi ilinifanya niinue kichwa, kwa sababu huo ndio mwendo wa mtandao wa megabiti 100. Mtandao wa gigabiti moja hupitisha kiasi cha MB 110 kwa sekunde, na harusi ile ile ingehama chini ya dakika 20. Kisha umeandika, kama kwa kupitia tu, kwamba mwezi wa tatu mlivuta waya mpya.

Waya wa mtandao una nyaya nane ndogo ndani, jozi nne. Gigabiti inazitaka zote nane. Megabiti 100 inaridhika na nne, na waya uliobanwa vibaya kichwani, au uliobanwa nyaya nne tu, utafanya kazi bila kulalamika, ila kwa mwendo huo mdogo. Swichi au ruta ya zamani nayo inaweza kuwa ndiyo kikwazo. Sijaiona studio yako, siwezi kuapa. Lakini kwenye mipangilio ya mtandao ya kifaa chako pameandikwa 100 au 1000, na kuangalia hakuhitaji kufungua skrubu hata moja.

Ile programu ya sura nayo ilianza mwezi huo huo. Inasoma kila picha mliyoipiga tangu 2019, na kazi hiyo inakamua prosesa kuliko inavyokamua RAM. Prosesa yako ni ndogo, ina subira lakini haina nguvu. Wengine huipangia programu hiyo ifanye kazi usiku studio imefungwa, ikishamaliza picha za zamani inatulia. Hasara yake ni kwamba itachukua siku nyingi, na wewe utabaki na GB 4 zile zile siku mtakapokuwa watu watano.

Sasa tuchukulie umeangalia yote hayo na RAM kweli haitoshi.

Kuongeza GB 4 kunakuweka ndani ya kiwango. Utatafuta DDR4 ya laptopu, ile fupi, SO-DIMM yenye pini 260 na volti 1.2, isiyo ya ECC, yaani si ile ya seva inayogundua makosa yake. Uliza mara mbili, maana wauzaji wengi wanasema "ya laptopu" tu na kukupa DDR3, yenye pini 204 na mkato mahali pengine. Ikikataa kuingia usiilazimishe. Huko kwetu pwani chumvi ya hewani hula vile vimeno vya rangi ya dhahabu. Kijiti kilichotumika nilikuwa nakisugua taratibu kwa kifutio cheupe cha shule, nakifuta kwa kitambaa kikavu, ndipo nakiingiza kwa kukilaza kidogo mpaka vibano viseme "ta" pande zote mbili. Umeme umechomolewa kabisa, na mkono umeshagusa chuma. Hatari ya njia hii ni ndogo upande wa mashine. Upande wa moyo wako sina hakika: kununua "kimya kimya", kama ulivyoandika, ni kuongeza tofali la pili juu ya lile neno la Ijumaa.

Kijiti cha kaka. Fundi wako hajasema uongo. Wapo wengi wenye prosesa hiyo walioweka 16 na ikasoma 20 kwa miaka. Hiyo kasi ya 3200 pia isikusumbue, prosesa itaishusha mpaka 2400 ambayo ndiyo yake. Lakini "wengi wameweka" ni habari za waliofanikiwa. Inaweza isiwake. Inaweza kusoma pungufu. Hizo mbili zinaonekana, unachomoa kijiti, unarudi ulipokuwa, na mafaili yako yako kwenye diski kama ulivyoyaacha, kwa sababu RAM umeme ukikatika haibaki na kitu. Nadhani hofu yako kubwa ilikuwa hapo, kwamba ukikosea kuchomeka mama atafutika. Kuchomeka tu hakumfuti.

La kuangalia zaidi ni lile lisiloonekana: kijiti kinawaka, kinasoma, halafu kikielemewa kinakosea herufi moja hapa na moja pale. Faili likipita humo likiwa limeharibika, diski zinaliandika hivyo hivyo kwa uaminifu. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto na Google walichapisha matokeo ya kufuatilia seva za Google, wakakuta zaidi ya asilimia 8 ya vijiti vilipata kosa ndani ya mwaka mmoja. Seva hizo zilikuwa na RAM ya ECC, inayogundua makosa yake. Prosesa yako haiwezi ECC. Hilo linahusu kijiti chochote, cha 4 au cha 16, ila ukiwa nje ya kiwango hata waliotengeneza kifaa watakuambia chomoa kwanza ndipo tuzungumze. Anayetaka kwenda njia hii huwa anakipima kijiti usiku kucha kwa programu ya Memtest86 ndani ya laptopu inayopokea DDR4, au kwa kipimo cha memori cha kifaa chenyewe kama kinacho, kabla ya kuingiza harusi ya mtu. Kupima ndani ya laptopu kunakuambia kijiti ni kizima. Hakukuambii kama kisanduku kitakipenda.

Na laptopu, mwanangu. Umeiandika kwa nusu mstari mwishoni, ukasema hilo ni jingine. Dada anayehariri video kwa GB 8 anateseka kweli, maana kuhariri ndiko kunakokula RAM kuliko kutunza mafaili. Kama laptopu hiyo ina tundu la DDR4 na inakubali 16, kijiti cha kaka kinaweza kupata nyumba humo humo studioni bila kuuzwa na bila kuvunja kiwango. Ila kaka hakukituma kwa ajili ya laptopu. Hapo ni wewe na yeye, mimi siwezi kujua atalipokeaje.

Ngoja nikuulize kuhusu yeye. Umesema akiwa Muscat picha za nyumbani zinakwama. Picha ikitoka kwako kwenda kwake, kinachoamua zaidi ni kasi ya kupandisha ya intaneti yako hapo Tanga. Ungeweka RAM ya 16, hata ya 20, yeye asingeona tofauti kubwa. Je, ulishawahi kumuuliza anatafuta nini anapofungua kisanduku hicho usiku akiwa peke yake? Hakuwahi maziko. Anauliza "umeshaiweka" kila Ijumaa. Inawezekana anataka tu kujua zawadi imefika salama na mdogo wake anaendelea vizuri. Inawezekana pia kuna dakika 11 anazozitafuta na zinakwama. Je, anajua hata kwamba video hiyo ipo?

Mkeo naye nisingempuuza. Diski nne zilizopangwa pamoja zinakukinga diski moja ikifa, tena kama zilipangwa hivyo. Hazikukingi na mwizi, na radi, na maji, na kidole kilichobonyeza futa. Yeye amezungumzia diski ya nje bila kujua habari ya video, na amegusa pale pale panapokuuma. Labda ukimweleza atakuelewa zaidi ya unavyodhani. Kwa video yenyewe huhitaji hata diski: dakika 11 zinaingia kwenye flashi, na flashi ya pili inaweza kukaa kwa shangazi. Hilo halihitaji kusubiri uamuzi wa RAM, na nadhani mikono yako itapunguza kutetemeka ukijua mama yuko mahali patatu.

Lile neno la Ijumaa ndilo gumu. Unaweza kumwambia kaka kabla hajaja, au akija, au unaweza kukimbilia kuweka kijiti ili uongo ugeuke kweli. Hiyo ya mwisho naiogopa kwa sababu mtu anayefungua mashine kwa aibu hufungua usiku, peke yake, bila kupima. Kumwambia mapema kuna hatari yake. Anaweza kunyamaza Ijumaa mbili tatu. Wewe unamjua. Ukiamua kusema, huna haja ya hotuba: "Kaka, ile RAM sijaiweka. Karatasi inasema mwisho 8, nikaogopa, nikaona aibu kukuambia." Hata yeye, aliyekutumia ya 16, huenda alichukua kubwa kuliko zote dukani kwa sababu ni wewe.

Haya niliyoandika yana mpangilio wangu. Wewe ndiye unayekaa na wateja hao na simu hiyo ya Ijumaa, na unaweza kuupanga vingine. Mimi ningependa tu kujua moja. Ukishauchomoa ule waya mpya na kuutazama kichwani, niandikie nyaya ni nne au nane.